Gauni la Mtoto wa Horini

Mama Pindo ana miaka sitini na nane na cherehani mbili, na mpaka leo hafungi duka kabla hajahesabu sindano zake. Wateja wanamcheka. Juzi juzi bwana mmoja aliyekuja kuchukua suruali dakika za mwisho alisimamishwa mlangoni mpaka hesabu itimie, akabaki anapiga miayo na kuangalia saa. "Mama, sindano moja tu! Kwani ni ya dhahabu?" Mama Pindo akaendelea kuhesabu. Angemjibu nini? Habari hii haisimuliwi mlangoni kwa mtu mwenye haraka zake. Nyinyi mmekaa, basi sikilizeni.

Wakati huo Mama Pindo alikuwa na miaka tisa. Baba yake alikuwa fundi nguo, na si fundi wa kubahatisha. Mtaani walimwita Fundi Makini, na sare za wauguzi wote wa hospitali zilikatwa kwenye meza yake. Duka lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao: meza ndefu ya kukatia, cherehani ya miguu karibu na dirisha, pasi ya mkaa juu ya tofali, na vipande vya kitambaa vimejaa chini kila mahali. Kwenye rafu palikuwa na kopo la sindano za mkono, kumi na mbili, na kila jioni baba alizihesabu. Sindano ikivunjika, vipande vyote viwili vilitakiwa mezani, upande wa ncha na upande wa tundu. Kipande kimoja kisipoonekana, hakuna aliyekula. Mnapiga magoti sakafuni, wakubwa kwa wadogo, mnapapasa na sumaku mpaka kipatikane. "Nguo ina mtu ndani yake," baba alikuwa akisema. Akisema hivyo, usimbishie.

Sasa, Krismasi. Siku hizi, mnisamehe, Krismasi imekuwa taa za kuwaka na kuzima na watu kupiga picha wamevaa kofia nyekundu. Kwao haikuwa hivyo. Jumapili ya kwanza ya Majilio, wiki nne kabla ya sikukuu, baba alikunjua kipande cha pamba nyeupe, akapima, akachora kwa chaki, akakata gauni la mtoto mchanga. Lilikuwa dogo, unaweza kulikunja likaingia mfukoni. Gauni hilo halikuguswa na cherehani. Kila mtu alishona sehemu yake kwa mkono, kidogo kidogo, wiki nne nzima. Bibi, mama yake baba, alishona shingo. Mama alishona mikono. Baba alishona mgongo na vifungo. Yeye mtoto alipewa pindo la chini, na jina la Pindo likamganda tangu wakati huo.

"Bibi, kwa nini tusipige kwa cherehani tukamaliza leo?" aliwahi kuuliza.

"Cherehani haisali."

"Na mkasi, unasali?"

"Nyamaza ushone!"

Lakini bibi alimweleza, siku nyingine, alipokuwa ametulia. Alimwambia kwamba Bwana wa mbingu na nchi alipokuja duniani alikuja hana hata kitambaa. Alikuja uchi, analia, kama sisi wote. Na jambo la kwanza ambalo mikono ya binadamu ilimfanyia Mungu lilikuwa kumvika. "Si kumjengea, si kumpigia magoti. Kumvika! Kazi yetu hii hii, mjukuu wangu." Pindo alivimba kichwa mwezi mzima. Aliwaambia watoto wa seremala jirani kwamba Mungu anawapenda mafundi nguo kuliko maseremala, wakazipiga mpaka mama yake akaja kuwaachanisha.

Na kulikuwa na sharti. Kabla ya kushika sindano, bibi alikuuliza, "Una neno na mtu?" Ukiwa na neno na mtu, unakwenda kwanza kulimaliza, ndipo unarudi kushona. Mama aliwahi kutoka mara tatu jioni moja kwenda kwa jirani yule yule, na mara ya tatu alirudi na neno jipya. Gauni likiisha lilipigwa pasi, likalazwa kwenye hori, yaani kasha la zamani la nyuzi walilolitandika nyasi kavu. Asubuhi ya Krismasi, baada ya ibada, baba na Pindo walilipeleka hospitali, wodi ya wazazi, wakampa mtoto wa kwanza waliyemkuta hana nguo. Hawakuchagua wala hawakuuliza ni mtoto wa nani.

Haya. Mkesha wa Krismasi, saa tisa mchana, Pindo alikuwa bado ana nusu shubiri ya kushona. Bibi alimuuliza, "Una neno na mtu?" akajibu, "Sina," na kweli hakuwa nalo. Bibi akaenda jikoni. Baba alikuwa ametoka kupeleka nguo za wateja. Huko nje watoto wenzake walikuwa wanakwenda kufanya mazoezi ya igizo la kanisani, na Pindo alikuwa malaika, tena malaika mwenye maneno ya kusema.

"Wewe malaika, tunakuacha!"

"Nakuja! Nakuja jamani!"

Akashona mbio mbio. Alipofika ubavuni, pale kitambaa kinapokutana tabaka nne, alitakiwa avae subana kidoleni na asukume taratibu. Akasukuma kwa kidole kitupu, kwa nguvu. Tak! Sindano ikavunjika. Mkononi akabaki na upande wa tundu, na uzi wake.

Ncha haikuwepo. Alipiga magoti, akapapasa chini ya meza, chini ya cherehani, kwenye vipande vya kitambaa. Akalipapasa na pindo lenyewe, hakuhisi kitu. "Malaika!" wakaita tena. Angeita bibi, wangetafuta wote, ingekwisha. Lakini angekosa mazoezi, na baba angemtazama kwa yale macho yake, na nani angependa kutazamwa hivyo siku ya mkesha? Akafanya jambo ambalo mpaka leo akilitaja anashika mdomo. Akakimbia chumbani, akachukua sindano moja kwenye vifaa vya mama, akamalizia pindo, akaitia ndani ya kopo. Kile kipande cha tundu akakitupa chooni. Jioni baba akahesabu: kumi na mbili. "Vizuri," akasema, akafunga kopo.

Alijiambia ncha iko sakafuni. Itafagiliwa, itaondoka, yamekwisha. Lakini wewe jaribu kulala ukijiambia hivyo. Asubuhi aliamka, akamkuta baba ananyoa ndevu huku anaimba nyimbo za Krismasi kwa sauti yake mbaya.

"Baba..."

"Umevaa viatu? Tutachelewa."

Kanisani hakusikia neno hata moja la mahubiri. Maneno yake ya umalaika aliyasema yote, ya furaha kuu na ya kutoogopa, huku yeye mwenyewe anaogopa. Wakatoka. Baba alikuwa amebeba gauni limekunjwa ndani ya kitambaa safi, amevaa koti jipya aliloshona kwa siri usiku wa wiki mbili, koti lake la kwanza tangu aoe. Njiani Pindo akajikaza.

"Baba, hivi sindano ikivunjika halafu..."

"Fundi Makini! Krismasi njema!" Mzee mmoja muuza mbao alivuka barabara kuja kumshika baba mkono. "Kaptula ulizowashonea wajukuu zangu huu mwaka wa tatu, haijafumuka hata moja! Mafundi wengine wote wababaishaji tu."

Baba akacheka, akashukuru, akanyoosha koti. Alitembea kifua mbele mpaka getini. Sasa mtoto angeanzia wapi kumwambia? Pindo alimfuata nyuma, roho juu, akiomba Mungu siku hiyo kusiwe na mtoto yeyote asiye na nguo.

Alikuwepo. Kitanda cha tatu kutoka mlangoni, mama kijana, peke yake, na kichanga cha kiume kilichozaliwa alfajiri, kimezungushiwa kipande cha shuka ya hospitali. Baba alimsalimia, akampongeza, akafungua kitambaa. "Dada, pokea. Tumelishona kwa ajili yake hata kabla hatujamjua." Yule dada hakuamini. Akalishika gauni kwa vidole vya woga, akaligeuza mbele na nyuma, akasema, "La kwetu kweli?" machozi yakamlengalenga. Akafungua shuka. Akaupitisha mkono wa kwanza wa mtoto, mkono mdogo unaopinda huku na huku, kisha wa pili. Akaanza kulishusha gauni kuelekea tumboni, kuelekea mapajani.

"Usimvalishe!"

Pindo mwenyewe hakujua kama sauti ile imetoka kwake. Wodi nzima iligeuka kumtazama. Mama kijana akamkumbatia mwanawe kama anayetaka kunyang'anywa.

"Kuna sindano," Pindo akasema, sasa kwa sauti ndogo. "Imevunjika humo. Sijui. Labda."

Baba alimtazama mara moja tu. Kisha akapiga goti kando ya kitanda, akasema, "Dada, samahani, nipe," akamvua mtoto gauni polepole, akalishika pindo akiwa amelinyoosha ili lisimguse popote. Mtoto alipoanza kulia kwa baridi, baba akavua koti lake jipya akamfunika.

Mkunga mkuu alikuwa keshafika. Mama mmoja mnene, mwenye viatu vya kubisha sakafu, ambaye hata madaktari walimkwepa. "Nimesikia nini? Sindano? Kwenye nguo ya kichanga, ndani ya wodi yangu?"

Baba alikuwa anafumua pindo kwa wembe wake wa kazi, mshono mmoja mmoja, na wodi nzima imemkodolea macho. Akafika ubavuni. Akasimama. Akatoa kitu kwa kucha mbili, akakiweka kwenye kiganja: ncha ya sindano, ndefu kama punje ya mchele, ambayo pindoni ilikuwa imekaa wima ikitazama ndani. Mama kijana alipoiona alitoa mlio, akambana mwanawe kifuani.

"Nani kafanya uzembe huu?" mkunga akauliza. "Nauliza! Nani?"

Pindo alifungua mdomo. Ulimi ukawa mzito, hauinuki.

"Kosa ni langu, Sista," baba akasema.

Weee! Mkunga alimvaa. Alimwambia mtu mzima mwenye mvi hana aibu. Alimwambia jina lake la Makini alirudishe alikolitoa. Akamwambia, mbele ya wagonjwa na ndugu waliokuja kuwatazama, kwamba kuanzia siku hiyo asikate tena hata sare moja ya wauguzi, kazi hiyo atapewa fundi mwenye macho. Sare zile zilikuwa nusu ya kazi ya duka. Baba alisimama na shati lake, mikono mbele, akasikiliza mpaka mwisho. "Una haki, Sista," akasema. Kisha akamgeukia Pindo, akatunga uzi kwenye sindano aliyoichomeka kwenye ukosi wa shati, akampa, pamoja na subana. "Shona, mama. Mtoto anasikia baridi."

Akashona pale pale, amesimama, machozi yanamdondoka kwenye kitambaa, na watu wanamtazama. Mkunga alilipitisha pindo kati ya vidole vyake mara mbili kabla hajaruhusu mtoto avikwe. Yule dada alimvika mwenyewe. Hakusema asante na hakuna aliyemlaumu. Baba akarudishiwa koti, na kumbe kichanga kilikuwa kimeshalilowesha vya kutosha.

Walitoka getini. Kila hatua Pindo alisubiri kofi. Alilitamani, maana kofi lingemaliza jambo. Baba alitembea tu, koti begani linanuka mkojo, na mtu mmoja aliyekuwa wodini akawapita akinong'ona na mwenzake. Walipofika kwenye kona ya barabara, Pindo akashindwa.

"Baba, ni mimi. Nilivunja mimi, nikachukua sindano ya mama nikajazia kopo."

"Najua. Nilijua ulipopiga kelele."

"Sasa mbona umesema uongo?" Na hapa sauti ilimkatika, maana baba yake hakuwahi kusema uongo, na wao uongo ndio waliochapiwa kuliko kosa lolote. "Siku ya Krismasi, baba! Umesema kosa ni lako."

Baba akasimama. Akamtazama, na yale macho aliyoyaogopa tangu jana hayakuwemo.

"Uongo uko wapi? Duka ni langu. Sindano ni yangu. Na wewe ni wangu. Sasa kosa litakuwa la nani?"

Pindo alikaa chini pale pale kwenye ukingo wa barabara, na gauni lake la sikukuu, akalia mpaka makamasi yakamfika kidevuni. Baba hakumharakisha. Alisimama kando yake na koti lake lililolowa, watu wanapita wakiwatazama, akamngoja amalize.