Bega la Wifi

Mtaa mzima ulimwita Mama Pindo, kwa sababu hakuna gauni lililotoka mikononi mwake likiwa limepanda upande mmoja. Hakuwa na kibao mlangoni. Simu ndiyo iliyomtangazia. Kila nguo ilipokamilika alimsimamisha mteja penye mwanga, akampiga picha kuanzia shingoni kwenda chini, kisha akaiweka kwenye stetasi. Vichwa aliviacha makusudi. Alipenda kusema yeye anauza mshono, sura kila mtu abaki na yake.

Ndivyo alivyompiga picha wifi yake.

Wifi huyo, mke wa kaka yake wa tumbo moja, alikuwa ametoroka kutoka mji wa mbali, akafika na mkoba mmoja na bega la kushoto lililovunjika na kuunga vibaya. Mama Pindo hakumuuliza nani amelivunja. Alikua nyumba moja na kaka yake, mikono yake anaijua. Alimpa chumba cha nyuma ya duka, akamfundisha kutia vifungo, na kaka alipopiga simu kuulizia, alimjibu kwamba hajamtia machoni.

Gauni la bluu lilikuwa zawadi. Bega lile hakulificha. Alilifuata kwa mkasi, akaishusha shingo ya gauni kidogo upande huo, nguo ikakaa kana kwamba Mungu mwenyewe ndiye aliyechagua mshono. Wifi alijitazama kwenye kioo, akacheka kwa mara ya kwanza tangu aje. Kazi kama ile fundi gani angeificha? Akapiga picha, akaipandisha, akarudi kwenye cherehani.

Asubuhi iliyofuata alifungua simu aone akina nani wametazama. Katikati ya majina ya wateja, kaka. Alikuwepo pale kila siku, akitazama na kupita bila neno, hata dada mtu akamzoea kama saa ya ukutani. Leo alikuwa ameacha neno.

"Gauni zuri. Nani huyo?"

Mama Pindo alilisoma neno hilo mara mbili. Yeye anayemtambua mteja kwa mgongo tu, toka mwisho wa barabara, alidanganywa na nini hata akadhani kukata kichwa ni kumficha mtu? Na huyu si mpita njia. Huyu amelala kando ya bega lile miaka. Alijibu kwamba ni mteja, akaifuta picha, na kidole kilipotoka tu kwenye kioo cha simu akajua kuwa kufuta nako ni jibu.

Wifi alipoambiwa hakulia. Alianza kukunja nguo zake, polepole.

"Labda hajanijua, wifi."

"Amekujua."

Simu ikaita. Kaka, tena anataka waonane kwa video. Asipopokea amekiri, akapokea. Sura ilikuwa ya tabasamu. Alimuuliza habari za kazi, akamwomba amzungushe dukani, siku nyingi hajapaona. Mama Pindo akaizungusha simu taratibu: cherehani, majora ya vitambaa, pasi juu ya meza. Alipofika kwenye kioo kikubwa akakiruka, maana wifi alionekana humo akiwa amesimama na mkoba.

"Mbona kioo umekiruka, mdogo wangu?"

"Nimeamka uso umevimba kama mto wa kulalia. Sitaki kujiona."

Kaka akacheka, na katika kucheka simu yake ikainama. Nyuma ya kichwa chake likapita geti la kijani, lenye vumbi jeupe la unga. Geti la mashine ya kusaga, mtaa wa pili kutoka hapo. Hakuwa ameketi kwake. Alikuwa amesafiri usiku kucha, na sasa anatembea, anakuja.

Siku za kazi, cherehani zikivuma, Mama Pindo na wifi yake walizoea kuandikiana kwa chaki juu ya kitambaa ili wasipige kelele. Mama Pindo alivuta kipande cheusi chini ya meza, mbali na kamera. Mkono mmoja simu, mwingine chaki. Huku akimuuliza kaka yake kuhusu miguu ya mama, kama uvimbe umepungua, aliandika: YUKO MASHINENI. TOKA NYUMA.

Wifi akachukua chaki. NITAKUPIGIA NIKIFIKA.

USINIPIGIE. USINIAMBIE UNAKOKWENDA.

Mlango wa nyuma ulijifunga bila sauti. Mama Pindo aliendelea na habari za miguu ya mama mpaka simu ikakatika na kaka yake akawa amesimama mlangoni, yeye mwenyewe, jasho kwenye kola.

"Yuko wapi?"

"Sijui."

Alipekua chumba cha nyuma, akarudi. Kisha macho yake yakatua kwenye simu iliyo mkononi mwa dada yake. Humo mlikuwa na namba mpya ya wifi, na ya shoga wa huyo wifi ambaye angeweza kumpokea. Simu ile ilifunguka kwa kidole gumba cha Mama Pindo, na kidole chenyewe kilikuwa pale pale, cha kukamatwa tu.

"Lete hiyo."

Kando ya pasi palikuwa na beseni la maji ya kunyunyizia nguo. Mama Pindo aliiachia humo. Iliwaka mara moja chini ya maji, ikazima, na vipimo vyote vya wateja alivyoviandika humo vikazimika nayo, vifua, viuno na urefu wa mikono.

"Una wazimu? Kwa ajili ya mtu baki?"

"Ondoka dukani kwangu, kaka."

Alimkamata kifundo cha mkono, kama zamani. Fundi viatu wa ng'ambo ya barabara alikuwa amekwishasimama kizingitini, nyundo mkononi, akauliza taratibu kama kwema.

"Kwema," alisema Mama Pindo. "Kaka yangu anaondoka."

Aliondoka, ila si mbali. Alisimama kwenye kona mpaka jua la mchana likamfukuza. Mteja wa kwanza alipoingia, Mama Pindo alimwomba radhi kwamba itabidi ampime upya. Mteja akamshikia ncha ya futi ya kupimia, na Mama Pindo akaanzia begani.