Giga Nne za Baba

Baba alitaka laptopu ya kuandikia wasifu wake wa mazishi. Alisema hivyo mezani, akimega chapati, kama mtu anayeomba chumvi.

Kisa kilikuwa maziko ya mdogo wake kule Ukambani. Kwenye kijitabu cha ibada, watoto walikuwa wameandika kwamba marehemu alikuwa mpole asiyepaza sauti, ilhali mbuzi wa kijiji kizima waliijua sauti yake. Baba alirudi nyumbani Uthiru amenuna. "Mimi hamtanipaka asali," alisema. "Nitajiandika mwenyewe." Tangu siku hiyo akaacha kwaya, akaacha na chai ya kibandani na wenzake. Niliogopa. Nilimwona kama mtu anayefunga virago.

Hata hivyo, tulichobishania kilikuwa giga za memori. Mimi hufanya kazi kwenye nyumba moja Lavington ambako watoto wana laptopu za giga kumi na sita za kutazamia katuni, kwa hiyo nilitaka angalau nane. Nikamweleza kwamba memori ni kama meza: ikiwa kubwa, unatandaza mambo mengi kwa wakati mmoja.

"Mimi nina jambo moja," akasema.

Tukaenda katikati ya jiji, kwenye jengo la vibanda vya vioo. Muuzaji, mama mmoja mchangamfu, akauliza, "Mzee, unataka mashine ya kazi gani?"

"Ya kuandika wasifu wa marehemu."

"Woi, pole sana! Nani ametuacha?"

"Ni mimi. Lakini bado."

Mama akanitazama. Mimi nikatazama chaja. Kisha akasema ukweli ambao sikuutarajia dukani: "Kama ni kuandika tu, mzee, giga nne zinakutosha. Usidanganywe na mtu." Baba akanigeukia na uso wa ushindi, tukabeba giga nne.

Mwanzoni aligonga kwa kidole kimoja, mlango umefungwa. Nilimpelekea chai na kuchungulia begani kwake: kuzaliwa, ukame, shule ya msingi. Nilitamani shule hiyo isiishe. Jumapili moja nikamwonyesha mahali pa kupata kwaya za zamani mtandaoni, basi, angalau apumzishe kidole.

Haukupita muda mrefu, akanipigia simu niko kazini. "Hii kitu yako imeganda!"

"Umefungua nini, Baba?"

Alikuwa amefungua kwaya tatu, mahubiri, jinsi ya kufuga kware, na mechi, maana wenzake wa chai walikuwa wamejaa chumbani wakingoja kuiona. Niliwasikia nyuma wakimlaumu.

"Na wasifu?"

"Uko darasa la nne. Wacha hiyo! Kwani giga nne ni za mtu mzima? Uliniacha ninunue kitu kidogo hivi namna gani?"

Nilicheka hadi machozi yakanitoka, nikaegemea lango, na mlinzi akaniuliza kama nimepata habari mbaya. Nikaomba ruhusa nikashuka mjini siku hiyohiyo kutafuta memori ya kuongeza.

Mama wa dukani alinikumbuka. Akaninong'oneza, akitaka kujua kama mzee amemaliza kuandika.

Nikamwambia ameacha, hana wakati.