Neno Hakuna Halibandikwi Mlangoni

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa gauni la kitenge alilonishonea mama kule Pangani, na viatu vya kuazima vilivyonibana vidole. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, miaka ya dhiki, ambapo kupata kipande cha sabuni kulikuwa habari ya mtaa mzima. Nilikuwa nimeajiriwa karani wa hesabu katika tawi la Tanga la shirika la umma la ugawaji wa bidhaa. Nilitarajia kupewa meza na kikokotoo. Sikupewa hata kiti. Meneja wa Mkoa, Mzee Shekigenda, Msambaa mrefu mwenye suti ya Kaunda iliyopigwa pasi ikanyooka, aliniita mlangoni akanionyesha foleni ya akina mama iliyolizunguka ghala.

"Unawaona wale?"

"Nawaona, Mzee."

"Wanangoja sukari. Lori limekwama Segera. Leo haiji, na kesho sijui. Nenda kawaambie."

Nikamwuliza kama si afadhali niandike tangazo tulibandike, kama wafanyavyo wengine. Siku hizo milango ya Tanga ilijaa vikaratasi: HAKUNA SUKARI, HAKUNA UNGA. Duka moja la Ngamiani lilikuwa limeandika HAKUNA peke yake, ujaze mwenyewe. Mzee alinitazama kana kwamba nimemtukania mamaye.

"Hapa kwangu neno hakuna halibandikwi mlangoni. Mtu ameamka alfajiri, amekuja kwa miguu yake. Hiyo hakuna yake ataipata kwa mdomo wa mtu aliyesimama mbele yake, tena amemsalimu kwanza. Ukiogopa kulisema, mwanangu, kazi hii haikufai."

Nikatoka na woga wangu. Nilianza na bibi wa mbele kabisa. "Shikamoo, bibi." Akaitikia, "Marahaba mwanangu, imekuja?" Nikamwambia hakuna, nikaeleza habari za lori, nikaenda kwa wa pili, na wa tatu, hivyo hivyo. Wengine walinisonya. Mmoja alisema viatu vyangu vimenunuliwa kwa sukari yao, na kwa kuwa hata havikuwa vyangu, nilijiona nimeonewa mara mbili. Lakini yule bibi wa mbele alinishika mkono akaniambia, "Ahsante kwa kutwambia. Haya, tukanywe uji wa chumvi." Nikaipenda kazi siku ile ile, sijui kwa nini.

Vijana wanaoniuliza tulikuwa tunafanya nini hasa hawaniamini nikiwaeleza. Hatukuuza, tuligawa. Bidhaa ikifika, ofisi ilipanga mgao: hospitali na shule kwanza, kisha maduka ya ushirika, na kila kaya ilipata kwa kadiri ya watu wake, majina yakiletwa na balozi wa nyumba kumi. Bachela alipata kidogo na alinung'unika sana. Kazi ya karani ilikuwa kuhakikisha kilichotoka ghalani ndicho kilichofika. Nilihamishiwa Muheza, nikapelekwa Pangani, nikarudi Tanga kuwa Mhasibu wa Tawi. Njiani nilipita mikononi mwa Mhasibu wa Kanda, mtu mkavu aliyeamini kwamba kosa la hesabu ni kosa la malezi, na ukikosea alikuuliza mama yako anaitwa nani. Namshukuru hadi leo, ingawa wakati ule nilimwombea uhamisho.

Kisha ikaja ruksa. Biashara ikafunguliwa, wenye maduka wakaleta mali kutoka kila upande, na barabara ya Ngamiani ikajaa sabuni za rangi ambazo hatukuzijua majina. Tulifurahi kama wananchi wengine. Ilituchukua muda kutambua kwamba foleni yetu imeondoka bila kuaga.

Mzee Shekigenda ndiye aliyetambua kwanza. Aliniita ofisini, akafunga mlango. "Mwanajuma," alisema, "sisi tumejua kugawa, hatukujua kuuza. Makao Makuu wananiandikia maneno ya Kizungu ambayo mwenyewe nayasoma mara mbili. Nenda kasome, uje uniambie tunasimama au tunaanguka." Wenzangu walitaka nafasi ile kwa udi na uvumba. Alinipa mimi, akagombana na Makao Makuu mpaka ada ikalipwa.

Ilikuwa shahada ya uzamili ya biashara, mkondo wa fedha, ile ambayo kila mtu huiita MBA. Chuo kimoja cha Dar es Salaam kilikodi nyumba ya zamani Raskazone, yenye dari ya juu na madirisha yasiyofungika, kikafundisha mwishoni mwa juma. Walimu walikuja na basi Ijumaa na kurudi Jumapili, na sisi tukawatania kwamba wameujua haraka ule usemi wa Tanga, waja leo waondoka leo. Darasa lilikuwa mchanganyiko wa ajabu. Pembeni yangu aliketi Kombo, Mpemba aliyekulia kwenye karafuu za baba yake, akahitimu madrasa kabla ya shule, akachukua shahada ng'ambo, na sasa alikuwa akiuza mchele Tanga. Upande wa pili alikaa Murtaza, Mhindi wa duka la vyuma, aliyezaliwa Chumbageni kama baba na babu yake, na aliyejua taarabu kuliko sisi wote. Mimi nilikuwa nimetoka kwenye vibali na ghala. Tukawa kundi moja kwa sababu sisi watatu tu ndio tuliofika mapema siku ya kwanza.

Mwalimu wetu wa fedha, Mwalimu Neema, alikuwa binti mdogo kuliko sote. Aliingia darasani akatuamkia shikamoo kwa heshima zote, kisha akatufelisha. Jaribio la kwanza lilituuliza: kampuni imepata faida, gawio ligawanywe vipi? Gawio ni ile sehemu ya faida wanayopewa wenye hisa, yaani wenye kampuni. Mimi nikasoma gawio, nikaona mgao, nikajiambia leo nimepatia. Nikaandika kurasa nne: waanze wenye watoto wachanga, wafuate wagonjwa, kisha kila mwenye hisa apewe kwa kadiri ya watu wa nyumbani kwake, na majina yathibitishwe na balozi. Mwalimu Neema aliporudisha karatasi alikuwa bado anafuta machozi ya kicheko. Chini alikuwa ameandika: "Mama, wenye hisa si wenye njaa."

Nilikasirika. Nilitaka kurudi zangu ofisini kwa watu wenye utu. Kombo akanifuata barazani. "We Mwanajuma, mbona wahamaki? Hisa ni kama mirathi. Hupewi kwa shida yako, wapewa kwa fungu lako. Mtoto tajiri na mtoto maskini, marehemu babaao ni mmoja."

"Na huyo maskini?"

"Huyo asaidiwe kwa sadaka. Usimtie katika hesabu ya mirathi, utaharibu yote mawili."

Tangu hapo nikaanza kuelewa. Kombo naye alikuwa na kizuizi chake. Hakutaka kulitamka neno riba, na somo lote la fedha limesimama juu yake, maana shilingi ya kesho hupunguzwa thamani kwa kiwango fulani ndipo ilinganishwe na ya leo. Alikokotoa vizuri kuliko sote, ila kwenye neno hilo alisema "yule bwana". "Yule bwana ni asilimia ngapi hapa?" Baada ya muda Murtaza akasema yule bwana, nami nikasema yule bwana, na Jumamosi moja Mwalimu Neema akageuka ubaoni akasema, "Sasa yule bwana akipanda, nini kinatokea?" Darasa zima likaangua kicheko. Murtaza kwa upande wake hakuhitaji kitabu kujua mali inayolala rafuni ni mzigo. Babu yake alimfundisha kupangusa vumbi la bidhaa, na iliyokutwa na vumbi jingi ilipunguzwa bei siku hiyo hiyo.

Mwaka wa mwisho kila kundi lilitakiwa kupima kampuni ya kweli na kusema iendelee au ifungwe. Wenzangu wakataka tawi langu. Nilisita, lakini Mzee Shekigenda alipoulizwa alifungua milango yote. "Njooni mnipime," alisema, "mimi si bikira wa kuonea haya daktari." Tuliingia maghalani, tukakagua malori, tukapitia mauzo. Murtaza alipita rafu kwa rafu akiangalia vumbi, akatoka akipangusa viganja.

Kipimo tulichotumia huitwa thamani halisi ya sasa. Unachukua fedha zote unazotarajia kuingia miaka ijayo, unazipunguza kwa yule bwana, kisha unatoa unachopaswa kuweka leo. Kikibaki kitu, endelea. Kwetu hakikubaki. Kila mwezi tulioliendeleza tawi ulikula kipande cha ghala. Tukifunga sasa, maghala na malori yangetosha kulipa madeni na kiinua mgongo cha kila mfanyakazi. Tukingoja, tungefunga vilevile, na wapagazi waliobeba magunia yetu maisha yao yote wangeondoka mikono mitupu. Kombo alilieleza kwa njia yake. "Marehemu harithiwi kabla ya kuzikwa na kulipiwa madeni. Mfanyakazi si mrithi, ni mdai. Yuko mbele. Lakini huyu keshakufa, nasi twachelewesha maziko mpaka mali yaishe."

Ripoti ikapigwa chapa kwa Kiingereza kizuri. Mwalimu Neema aliisifu. Ilibaki kumfikishia Mzee, na hapo ndipo nilipokwama. Yule mzee nilimpenda kama baba. Tawi alilifungua yeye mwenyewe, na alikuwa amebakiza muda mfupi kustaafu. Ningemwambiaje mtu aliyenisomesha kwamba nilichosoma kinasema amalizwe? Murtaza akanionea huruma. "Dada, mwachie katibu wake aiweke mezani. Ataisoma akiwa peke yake, atapumua, kisha mtazungumza." Lilikuwa wazo la mtu muungwana. Nilifika hadi mlangoni kwa katibu, nikainyoosha bahasha ya ripoti. Nikairudisha mkobani. Nilikumbuka vile vikaratasi vya milangoni.

Nikabisha hodi, nikaingia.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba." Alikuwa anaandika. Kalamu ikasimama. Akaifunika taratibu, akaiweka pembeni. "Hiyo sauti naijua. Hiyo ni sauti ya hakuna."

Nikakaa. Ripoti ilibaki mkobani. Kiingereza chote kilinipotea, na nashukuru kilipotea. "Mzee, hakuna. Tukifunga sasa, watu wetu watalipwa. Tukingoja, tutafunga na hawatalipwa."

"Mmehakikisha?"

"Tumepiga hesabu watatu, kila mmoja kwa njia yake. Zimekutana."

"Na yule Mpemba asemaje?"

"Anasema tunachelewesha maziko."

Alicheka, kweli alicheka, kisha akatoa leso akajipangusa uso mzima. "Tawi hili nililifungua nikiwa na nywele," alisema. Akasimama, akainyoosha suti yake, akatoka uani walipokuwa wapagazi. Nilimfuata kwa nyuma. Aliwaita mmoja mmoja kwa majina. Waliomzidi umri aliwaamkia kwanza. Akasema mwenyewe, hakunisukumia mimi wala Makao Makuu. Kuna waliolia, na kuna mmoja aliyemtukana, naye Mzee akamsikiliza mpaka mwisho. Tangazo rasmi lilipokuja baadaye na amri ya kulibandika ubaoni, hakuna aliyelisoma, maana kila mtu alikuwa ameshaambiwa. Walilipwa, wengine kwa kuchelewa, lakini walilipwa. Mzee alirudi kwao Soni, milimani, akalima mboga, na kila nilipopanda kumwona aliniuliza habari za yule bwana.

Mimi nilichukuliwa na benki ya binafsi, nikawa afisa mikopo, baadaye Meneja wa Mikopo. Afisa mikopo ndiye anayesema ombi lako limekubaliwa au limekataliwa, na kila kijana aliyepita chini yangu alikatazwa kukataa kwa barua. Mtu wa pwani ya Ushongo amekuja na ramani ya vibanda vyake vya wageni, mwite, mkalishe, mwambie usoni. Walininung'unikia. Mmoja alikuwa Rehema, binti mwenye MBA mpya kabisa, aliyeniambia kuwa wakati ni fedha. Nikamwambia ni kweli, ila kuna wakati ambao ni wa watu. Alijifunza, akapanda cheo, akahamia Dar es Salaam, akawa mkubwa wangu.

Nilipokaribia kustaafu niliomba mkataba wa kuendelea kidogo. Niseme ukweli, niliutaka sana. Nyumba ilikuwa kimya, na mimi sijui kufuga kuku. Siku hizi majibu ya namna hiyo huja kwa barua pepe, mistari miwili, bila hata salamu. Asubuhi moja nikaona gari la Makao Makuu ya benki linaingia uani, na Rehema anashuka, vumbi la safari mwilini.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Kaa, mwanangu, unywe maji kwanza. Hiyo sauti naijua."

Alikunywa glasi yote, akaiweka mezani, akanitazama machoni, akalisema lile neno. Hakuogopa kama nilivyoogopa mimi mbele ya ile foleni.

"Ahsante kwa kuniambia," nikamjibu. "Haya, nikanywe uji wa chumvi."

Hakuelewa. Kazaliwa sukari imejaa madukani.