Difu Ambayo Ushangi Hakuihesabu

Huku Alvani, kijiji cha bondeni, mtu akinunua gari la Niva kuukuu, jirani hamuulizi imetembea kilomita ngapi. Anamuuliza, "Ni thelathini na tisa au arobaini na tatu?"

Gari hilo huvuta kwa magurudumu yote manne wakati wote. Lina difu mbele, yaani meno yanayogawa nguvu kwa magurudumu, difu nyuma, na ya tatu katikati. Ukitaka kuijua difu ya mbele au ya nyuma, unainua gurudumu moja kwa jeki, unalizungusha kwa mkono mara ishirini, na mwenzako anahesabu propela, ule mtaimbo unaopeleka nguvu kwenye difu, imezunguka mara ngapi. Ikiwa thelathini na tisa, ni difu ya mbio, nzuri kwa lami ya bondeni. Ikiwa arobaini na tatu, ni ya kupanda. Ya mbele na ya nyuma lazima ziwe na hesabu moja.

Ushangi Otiuridze amekuwa akihesabu hivyo kwa miaka arobaini na nne. Aliingia gereji ya shamba la serikali akiwa na miaka kumi na saba, shamba likafa, akabaki na vifaa na wateja. Ni mtu mfupi, ana kidole kimoja cha shahada kisichokunjika, na hasikii vizuri sikio la kushoto, lile alilokuwa akiliegemeza kwenye injini. Kuhusu giaboksi ana maoni makali. Za zamani zina gia nne, na magari hayo yalitoka na difu za arobaini na tatu. Zilizofuata zina gia tano, na difu zake ni thelathini na tisa.

"Gia nne haina adabu," huwaambia wateja. "Inapiga kelele kama mama mkwe. Lakini gia ya kwanza inapanda ukuta. Gia tano ni ya watu wanaokwenda Tbilisi kununua viatu."

Katikati ya Oktoba mwaka jana Mzevinar Ididze alileta kwake Niva yake ya gia nne, difu ya mbele ikilia. Mzevinar ni mjane wa miaka arobaini na saba. Kiangazi hupakia watalii na jibini kati ya Alvani na vijiji vya Tusheti, ng'ambo ya mlima Abano, na ni mwanamke pekee anayeifanya kazi hiyo. Safari hii hakuwa na watalii. Alikuwa anakwenda Dartlo, kijiji cha huko juu, kumchukua baba yake.

Mzee Imeda ana miaka themanini na minne. Wenzake wote hushuka bondeni kabla theluji haijafunga barabara. Yeye alibaki juu majira ya baridi yaliyotangulia na kondoo kumi na mmoja. Mwezi wa pili askari wa mpakani walimbeba kwa helikopta, mapafu yamejaa maji. Daktari wa mjini Telavi alisema hayatastahimili baridi nyingine ya kule. Mzee alipona, akarudi juu mwezi wa sita, akatuma neno kwa binti yake: "Ukija wewe mwenyewe na gari lako kabla barabara ya Abano haijafungwa, nitashuka nimekaa kiti cha mbele. Wasinitumie tena helikopta. Mimi si gunia." Wanaomfahamu hawakulichukulia neno hilo kama utani.

Difu nyingine ilipatikana kwa Vepkhia. Vepkhia ndiye baba wa ubatizo wa mtoto wa Ushangi, ana Opel ya zamani na anajua kila lundo la vyuma chakavu la mkoa wa Kakheti. Siku ya Jumanne alasiri aliingia uani akiwa ameikumbatia difu kama mwanakondoo.

"Imetoka Telavi, kwenye gari lililokufa," alisema. "Arobaini na tatu. Nimehesabu mimi mwenyewe."

"Ulizungusha ishirini?"

"Bwana we, unataka nikuletee na cheti chake cha kuzaliwa?"

Mke wa Ushangi alikuwa ameshatandika meza: mikate ya moto ya kotori, jibini, chupa ya pombe kali ya chacha. Walikunywa kwa ajili ya marehemu, wakanywa kwa ajili ya mtoto waliyembatiza. Watu wa huku wanajua kwamba alichokwisha kukisema baba wa ubatizo wa mwanao mezani kwako, baada ya kunywea marehemu, hukipimi tena mbele yake. Kukipima ni kumwita mwongo nyumbani mwako. Na Vepkhia hakuondoka. Alimulika tochi chini ya gari huku akiimba, muda wote Ushangi akifunga boliti.

Walilijaribu gari mitaani. Lilikwenda kimya. Hilo halikuthibitisha kitu, kwa sababu difu ya katikati huzimeza tofauti zote. Huzunguka tu na kuvumilia. Tofauti hujitokeza dereva anapoweka loki, yaani anapoifunga ile ya katikati ili mbele na nyuma zizunguke pamoja.

Jumatano saa kumi na moja alfajiri Mzevinar alikuja kuchukua gari. Ushangi alikuwa na robo saa na jeki mbili. Hakuhesabu. Alimpa maagizo ambayo humpa kila dereva wa Abano.

"Usingoje uteleze. Ukiiona theluji ya kwanza barabarani, simama, weka loki, ndipo upande."

"Nimeisikia hiyo tangu nikiwa na nywele nyeusi, kaka Ushangi."

"Isikie tena."

Saa tatu Vepkhia alirudi. Nyuma ya Opel kulikuwa na giaboksi imefungwa kwa gunia. "Zawadi ya kijana wetu," alisema. "Imetoka gari lile lile la difu. Wangeiyeyusha."

Ushangi alifunua gunia na kutia mkono kwenye kishikio cha gia. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Akasukuma kulia na juu. Ikaingia ya tano.

Alisimama mkono ukiwa bado pale. "Gari lile lile?"

"Lile lile. Kwani nini? Umeumwa na nyoka?"

"Gia tano, Vepkhia."

Alipiga simu. Mtandao huishia mdomoni mwa bonde, na Mzevinar alikuwa amelipita tangu saa mbili zilizopita. Niva ya Ushangi mwenyewe ilikuwa juu ya magogo, haina injini, kama yalivyo magari ya mafundi. Walipanda Opel.

Njiani Vepkhia alizungumza sana. Kwamba gari chakavu huwa limebadilishwa vitu, kwamba gia tano haithibitishi difu. Ushangi alimjibu mara moja tu. "Zikiwa sawa, nitakuomba msamaha mbele ya watu. Zikiwa si sawa, mbele inakwenda hatua kumi na moja nyuma inapokwenda kumi. Na mimi nimemwambia aweke loki."

Opel ilifika theluji ilipoanza, saa sita kasorobo, ikazungusha magurudumu yake ya mbele mara mbili na kukataa. Walishuka. Alama za Niva zilikuwa mbele yao, safi, kwa kuwa hakuna gari jingine lililopita asubuhi ile. Ushangi alipaona mahali Mzevinar aliposimama: visigino vya viatu vyake, akizunguka gari kutazama. Kutoka hapo alama zilibadilika. Tairi za nyuma hazikuchapa meno yake tena. Ziliburuta, zikiacha mistari mirefu iliyofutika. Mita kumi na tano mbele, theluji ilipoliacha jabali tupu, kulikuwa na mstari mweusi wa mpira wa tairi juu ya jiwe.

Aliinama akaugusa. Vepkhia naye aliutazama.

Walitembea kufuata alama kwa muda wa saa nzima. Vepkhia ana kilo mia na ishirini na moyo mbovu, akaketi. Ushangi akaenda peke yake kona mbili, theluji ikamfika magotini, akarudi. Hakukuwa na la kufanya juu wala chini. Walikaa ndani ya Opel injini ikiwaka, wakitazama barabara.

Saa tisa lilishuka trekta la Shete, mlinzi wa barabara, aliyekuwa amelala huko juu. Pembeni yake alikaa Mzevinar, mzima, blanketi mabegani.

"Gari liko kona ya tatu kutoka juu," alisema kabla hajaulizwa. "Lilikuwa linakwenda upande kama kaa. Halafu kikapasuka kitu katikati kwa kishindo, na magurudumu yote yakafa."

"Uliweka loki juu ya jiwe kavu, dada," Vepkhia alisema upesi. "Hapo ndipo..."

"Niliweka pale fundi aliponiambia."

"Si kosa lake," Ushangi alisema. "Difu ya mbele ni thelathini na tisa. Sikuihesabu."

Vepkhia alitazama viatu vyake. "Nilizungusha mara mbili tu," alisema. "Ilikuwa nne na kidogo."

"Ilikuwa nne kasoro kidogo."

Mzevinar aliwasikiliza wote wawili mpaka mwisho. Hakuwatukana. "Linatengenezeka pale pale lilipo?" aliuliza.

"Hapana."

"Nikipata gari la mtu kesho?"

Ushangi alimtazama Shete. Shete alitikisa kichwa kuelekea mlimani, ambako wingu lilikuwa limeshameza kona za juu. "Usiku huu theluji itaanguka mpaka kiunoni. Nimeambiwa nifunge barabara leo."

"Trekta lako linafika Dartlo?"

"Kufika linafika, dada. Kurudi ndiko halirudi."

Wakashuka wote, trekta mbele, mpaka mahali barabara inapoingia bonde. Hapo mlinzi hufunga mnyororo hadi mwezi wa sita. Kabla hajaufunga huuliza kwa sauti, na lazima mtu wa mwisho kushuka amjibu. Imekuwa hivyo tangu mchungaji mmoja alipofungiwa nyuma, na watu hawaichezei.

Shete alivua kofia. "Yuko mtu juu anayetaka kushuka?"

Ushangi alifungua mdomo, akaona si swali lake. Vepkhia alikuwa amegeuka upande wa mto.

Mzevinar alifikiri. Alikuwa anamfahamu baba yake. Neno la mzee lilikuwa binti aje mwenyewe, na gari lake, na hakufika; kwa namna nyingine mzee asingetaka kushuka.

"Hakuna," alisema.

Shete aliuburuta mnyororo kuvuka barabara. Ulikuwa mzito na wenye barafu, na Ushangi akashika upande wa pili.