Redio ya Binti Kiziwi

Tunaambiwa elimu haina mwisho. Jumatatu, katika ofisi ya elimu ya watu wazima hapa Iringa, nilimwona binti kiziwi akiutafuta mwanzo wake. Alikuja na kaka yake.

"Mdogo wangu anataka kusoma," kaka alisema.

"Masomo yote siku hizi yako redioni," karani akajibu.

"Hasikii, ndugu."

Karani akafikiri, kisha akafungulia redio sauti mpaka mwisho. Tukaziba masikio. Binti akaweka kiganja juu ya redio, akaisikia inatetemeka, akatabasamu. Akamwuliza kaka yake kitu kwa mikono.

"Anauliza, mwalimu anasema nini?"

Tukatazamana. Hakuna aliyekuwa amesikiliza.

Karani akaizima. Binti hakuondoa kiganja. Nadhani alifikiri mwalimu anameza mate tu, ataendelea.