Karatasi Ambayo Bi Verna Hakuitoa

Bi Verna Hutto alikaa nyuma ya kaunta ya mahakama ya Harpley, huku Alabama, kwa miaka thelathini na mmoja, na sikuwahi kumsikia akikosea jina la mtu. Alijua nani kamwoa nani, nani kamwacha nani, na mpaka wa shamba la nani umepita wapi. Ukipanda zile ngazi za mbele, kabla hujafungua mdomo jalada lako liko mezani. Watu walikuwa wakisema, jambo la sheria muulize Jaji Tarver, lakini ukitaka jibu nenda kwa Bi Verna.

Mimi naitwa Nadine. Nilianza kazi chini yake mwaka 1995, nikiwa na miaka ishirini na mitatu, dawati langu hatua tatu kutoka lake. Haya niliyaona kwa macho yangu, na sehemu ya aibu yake ni yangu.

Mwaka uliofuata, Alhamisi moja ya Oktoba, kwenye saa nne asubuhi, aliingia msichana amevaa koti la bendi ya shule, mikono kaificha ndani ya mikono ya koti. Nilimtambua. Misty Ledbetter, mpiga klarineti, miaka kumi na sita. Bibi yake tulikuwa tumemzika Machi. Mama yake, Darla, alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha kuku pamoja na mumewe Royce, baba wa kambo wa Misty. Huyo Royce alikuwa pia shemasi katika kanisa letu la Baptist, na hakuwa mtu wa kucheka ovyo.

"Habari za asubuhi, Bi Verna."

"Nzuri, mwanangu. Leo hakuna shule?"

"Ipo. Nimesema nakwenda kwa daktari wa meno." Akameza mate. "Nimeambiwa hapa kuna karatasi. Ya kuonana na jaji bila mama kujua."

Bi Verna alivua miwani. "Nani kakuambia?"

"Mwanamke wa kliniki, Birmingham. Nilimpigia simu."

Sheria ya jimbo letu wakati ule ilikuwa hivi: msichana aliye chini ya miaka kumi na minane akitaka kutoa mimba, sharti mzazi mmoja atie saini. Kama hawezi kumwambia mzazi, basi aende kwa jaji, ajieleze faraghani, na jaji aamue. Karani hakupewa uamuzi wowote. Kazi yake ilikuwa kutoa fomu, kuipokea, kupanga siku ya karibu na kufunga mdomo. Fomu zenyewe zilikuwa kwenye saraka ya chini, chini ya karatasi za ndoa. Nilizipanga mimi mwenyewe kiangazi kile.

"Jaji hayupo," Bi Verna alisema.

Mlango wa jaji ulikuwa wazi nusu. Redio yake ilikuwa ikitangaza bei za ng'ombe, na tulisikia akikunja karatasi ya sandwichi. Misty aliutazama mlango, kisha akamtazama Bi Verna.

"Nasikia redio."

"Redio haihitaji jaji ili ipige kelele."

"Basi nipe karatasi tu. Nitaijaza hapa hapa."

"Zimekwisha. Njoo Jumatatu."

"Bi Verna, mimi nahesabu siku."

"Siku ungezihesabu mapema, mwanangu."

Misty hakulia. Uso ulimwiva mpaka masikioni, akasema, "Ndiyo, mama," kama tunavyowafundisha watoto wetu kujibu wakubwa, akatoka. Nilimsikia akishuka ngazi taratibu.

"Bi Verna," nilisema kwa sauti ya chini, "fomu si zipo?"

"Nadine, chapa kazi yako. Ukizaa utanielewa."

Nikachapa. Nilikuwa naandika hati ya mpaka wa shamba, na hadi leo nakumbuka vipimo vyake, maana niliikodolea macho ile hati kama mtu anayesoma barua ya mchumba.

Jaji aliuliza kutoka ndani, "Nani huyo, Verna?"

"Mtoto wa shule tu, Mheshimiwa. Kapotea njia."

Bi Verna hakuwa mtu mwovu, lazima niseme hivyo. Alikuwa akiwapelekea wagonjwa maharage na mkate wa mahindi bila kuombwa. Siku ile aliamini kwamba anamwokoa mtoto, kwamba siku nne zitamrudisha kwa mama yake wazungumze. Lau angeishia hapo, labda angepata pa kujifichia. Lakini Jumamosi alikwenda kwenye kikundi cha maombi.

Wanawake wa kanisa tulikuwa tukikutana jikoni kwa kanisa kila Jumamosi asubuhi, tunakunywa kahawa, tunakula biskuti za kwetu, vile vimkate laini vya moto, kwa mchuzi mweupe, halafu kila mmoja anataja jambo la kuombewa. Zamu ilipomfikia Bi Verna, alifumba macho.

"Kuna msichana hapa mjini. Simtaji jina. Amepata mimba na anataka kufanya jambo baya, tena kwa siri. Ni mtoto mwenye kipaji cha muziki, na mwaka huu kafiwa na bibi aliyekuwa nguzo yake. Tumwombee."

"Ee Bwana," waliitikia. Lakini niliona vidole vya Bi Opal Strickland vikisogea juu ya meza kama anayehesabu. Hata sahani hazijaoshwa, akasema, "Jamani, si yule wa klarineti?"

Hakuna aliyejibu. Kule kunyamaza kwetu ndiko kulikojibu. Bi Verna alifungua macho akatazama kikombe chake, na niliona uso ukimsawijika. Ulimi hauna mfupa, lakini wake ulikuwa umevunja kitu, naye alijua saa ile ile.

Jumatatu, saa mbili kasoro, Darla alikuja mahakamani na wavu wa nywele wa kiwandani bado uko kichwani.

"Verna. Mwanangu alikuja hapa?"

"Darla, mambo ya ofisi hii ni siri."

"Siri!" Darla alicheka kicheko kibaya. "Siri yenu imenifikia kanisani na kikombe cha kahawa mkononi. Habari ya mwanangu nimeambiwa na Opal, Verna. Opal!"

"Yuko wapi Misty?"

"Royce kamtoa. Nguo zake kazitia kwenye mifuko ya taka, kaziweka barazani, watu wakitoka ibada ya jioni wanapita wanaziona. Na mimi nilisimama mlangoni nikatazama." Akajifuta pua kwa mkono wa nguo. "Kama angekuja kwangu mwenyewe sijui ningefanya nini. Sasa sitajua kamwe."

Misty hakurudi kwenye kaunta yetu. Mama yake mdogo alimfuata kutoka Chattanooga, ng'ambo ya mpaka wa Tennessee, akamchukua. Siku nne za Bi Verna zikazaa wiki za kulala sebuleni kwa watu, bila shule, bila nauli, bila mtu wa kumwonyesha mahakama nyingine. Alipopata pumzi ya kuuliza, muda ulikuwa umepita. Akazaa mwezi wa Mei, mtoto wa kiume.

Habari ya kuzaliwa ilipofika Harpley, wanawake wa kikundi walimpongeza Bi Verna. Bi Opal alimletea keki ya kokwa za pekani. "Roho moja imeokoka kwa sababu yako," alimwambia. Bi Verna alikula kipande kimoja mbele yake. Baadaye nilimkuta chooni ameinamia sinki.

Kila Januari ofisi ilipeleka ripoti makao makuu ya jimbo, na humo palikuwa na mstari wa maombi ya wasichana. Januari ile, kabla mtoto hajazaliwa, Bi Verna alikuwa amekaa na kalamu juu ya mstari huo mpaka kahawa yake ikapoa.

"Niandike nini, Nadine?"

"Hatukupokea hata moja."

"Ndiyo," alisema. "Hatukupokea." Akaandika sifuri.

Miaka ikapita hivyo. Darla akimkuta dukani aliacha toroli lake lilipo akatoka. Bi Verna akawa anakwenda dukani jioni sana, karibu wanafunga. Hatukulizungumza kabisa, hata tukila pamoja chakula cha mchana.

Mwaka 2003 Darla alikufa kwa kansa. Misty alikuja mazishini na mvulana wa miaka sita aliyevaa tai ya kubana, wakakaa kiti cha mwisho kabisa. Royce, aliyekaa mbele, hakugeuka. Ibada ilipokwisha, Bi Verna alisimama, akapiga hatua mbili kuelekea nyuma, akaketi tena. Wiki iliyofuata aliniambia, "Nipeleke Chattanooga. Macho yangu hayawezi tena barabara ya mlimani."

Misty alikuwa akifanya kazi kwenye duka la kufulia nguo. Alituona tukiingia, akaendelea kukunja shuka mpaka akalimaliza.

"Bi Verna."

"Misty, mwanangu."

"Mimi si mwanao."

Bi Verna alikubali kwa kichwa. Alikuwa ameyafanyia mazoezi maneno yake garini njia nzima, lakini yalimtoka vipande vipande. "Nilikudanganya. Jaji alikuwepo. Fomu zilikuwepo. Halafu nikakupeleka kanisani nikakumwaga mezani. Nimekuja kusema kwamba ni mimi."

"Najua ni wewe. Ulidhani nilimshuku nani?" Kisha Misty akanigeukia. "Na wewe ndiye yule wa taipu. Uliniona?"

"Nilikuona."

"Ulijua anadanganya?"

"Nilijua."

Nilitamani anitukane.

"Nisikilizeni," alisema. "Nampenda mwanangu kuliko pumzi yangu, na asije mtu akanitajia kwamba kwa hiyo mambo yaliishia vizuri. Hayo ni mawili, msiyachanganye. Jaji angeweza kuniambia hapana. Ingekuwa kazi yake, na ningekuwa na mtu wa kumkasirikia. Mama ningeweza kumwambia mwenyewe, siku yangu, kwa mdomo wangu. Wewe sikukuomba ndiyo wala hapana. Nilikuomba karatasi."

"Ndiyo," alisema Bi Verna.

"Mama alinipigia simu mara tatu tu kwa miaka saba, akijificha. Mara tatu. Sasa unataka nini, msamaha?"

"Sijui."

"Leo sina. Nikiupata nitakuandikia." Akachukua shuka jingine. "Nina kazi."

Tulirudi bila kusimama popote. Nilimuuliza kama ana njaa, akasema hastahili kuulizwa.

Jumamosi ile Bi Verna alisimama jikoni kwa kanisa kabla ya maombi, akasimulia yote: fomu, uongo, siku nne. Wanawake walitazama vitabu vyao vya nyimbo.

"Verna, hayo yamepita," Bi Opal alisema. "Na wewe hukutaja jina."

"Sikutaja jina, Opal. Nilitaja kila kitu kingine."

"Basi unataka sote tujione wachafu?"

"Mimi nasema yangu. Yako unayajua."

Baada ya hapo keki hazikuja tena, na kiti cha pembeni yake kanisani kilikuwa kitupu mara nyingi. Mimi nilihamia kukaa hapo, ingawa nilichelewa sana.

Jumatatu yake aliingia kwa Jaji Tarver na barua ya kujiuzulu. Nilisikia kila neno, maana hakufunga mlango, nadhani kwa makusudi. Alipomaliza, mzee aliinama akaivuta soksi yake moja juu.

"Nilimsikia yule mtoto, Verna," alisema. "Kila neno. Nilishukuru uliponiondolea mzigo ule. Uchaguzi wa kiti changu ulikuwa mwezi uliofuata." Akamrudishia barua. "Kaa. Ukiondoka wewe, itabidi niondoke na mimi."

"Labda iwe hivyo, Mheshimiwa," alisema Bi Verna. Lakini hakuondoka hata mmoja wao. Hilo nalo liandikwe.

Alifanya kazi miaka mitano zaidi. Fomu alizihamishia saraka ya juu. Wasichana walikuja, si wengi, wengine kutoka kaunti za mbali waliokuwa wamefukuzwa kwingine kwa maneno kama yale yale. Aliwapa karatasi na kalamu bila kuwauliza shule wala kanisa, aliwaonyesha chumba cha kujazia, naye akaenda kusimama ukumbini mpaka wamalize. Jaji aliwasikiliza. Wengine aliwakubalia, wengine aliwakatalia. Bi Verna hakutoa neno juu ya uamuzi wowote, hata kwangu. Barua kutoka Chattanooga hakuipata. Kila siku posta ilipoletwa, yeye ndiye aliyeipokea.

Sasa karani mkuu ni mimi. Zile fomu nilizitoa kwenye saraka mwaka 2022, sheria ya jimbo ilipobadilika ikapiga marufuku kutoa mimba, jaji akawa hana tena cha kuamua. Bi Verna alikuwa amekufa miaka mitatu kabla. Mchungaji aliyemzika alikuwa kijana mgeni, hajui habari zetu, na watu walimpa sifa za marehemu ambazo hupewa kila karani. Akasimama mbele ya jeneza akasema kwamba hapa amelala mwanamke aliyetunza siri za mji huu kwa miaka thelathini na mmoja. Bi Opal, ambaye sasa anatembelea fimbo, aliitikia amina. Waombolezaji wote wakaitikia, mimi nikiwa nimevitazama viatu vyao, na mdomo wangu, sijui kwa mazoea au kwa woga, ukatamka pamoja nao.