Nyumba ya Lorna Inazama Dawson

Kumekwisha kupambazuka zamani. Mwezi wa Mei, Dawson, mji wa kaskazini ya mbali ya Kanada, haina giza la kuzungumzia. Lorna Tapscott amelala kifudifudi mvunguni mwa nyumba yake ya wageni, akibandua mbao alizozipigilia mwenyewe kuzunguka nguzo. Kando yake, Gunnar, mume wa dada yake na fundi wa kuinua nyumba, anapiga jeki.

"Polepole, shemeji," anasema Lorna. "Hiyo ni nyumba, si gari."

"Ingekuwa gari ningeshakwambia uliuze kama chuma chakavu."

Juu yao kioo cha dirisha kinapasuka. Gunnar anaacha.

Katika mji huu, ambao wachimba dhahabu waliujenga kwa pupa juu ya ardhi iliyoganda, nyumba huachiwa uwazi chini ili baridi ipite na kuihifadhi barafu ya udongoni. Lorna, mwenye umri wa miaka sitini na mmoja, alilijua hilo kabla ya kujua kusoma.

Lakini wageni wa kiangazi huondoka Septemba. Mumewe alipofariki, vyumba vitupu vilimlemea, akaanza kuwapokea wanaokuja wakati wa baridi kutazama mianga ya rangi inayocheza angani.

"Walilalamika miguu inaganda," anasimulia. "Nikauziba uwazi. Wakalala kwa raha, wakanisifu. Kumbe joto linashuka, linayeyusha ardhi."

Majira matatu ya baridi yalitosha. Sebule imeinamia upande wa mtoni, na vyumba vinne kati ya sita havifungiki.

"Nikiuacha uwazi bila mbao, si ardhi itaganda tena?" anamuuliza Gunnar.

Fundi anajifuta matope. "Zamani ningesema ndiyo. Siku hizi baridi yenyewe inachelewa kurudi kama mlevi."

Lorna hacheki.

"Nikiinua tena, nyumba itavunjika, shemeji. Imebakiwa na kiangazi kimoja. Labda."

Hata hivyo Lorna amekata shauri: Oktoba atahamia kwa dada yake, azime jiko la kupasha nyumba joto, aiache nyumba ipigwe na baridi. Hilo ndilo tumaini lililobaki.

Simu inaita. Bwana mmoja wa Toronto anauliza msimu gani ni mzuri zaidi kuuona mji wa dhahabu. Jibu la Lorna la miaka yote lilikuwa refu: Juni kwa usiku usio na giza, mwisho wa Agosti kwa vilima vyenye majani mekundu, Februari kwa mianga.

"Njoo kabla ya Septemba, bwana," anasema.

Anasikiliza kidogo.

"Mwakani? Ya mwakani usiniulize."